Mtu wa watu hujua kusema hapana

Mwezi Aprili 2025 kampuni ya OpenAI ilitoa toleo jipya la GPT-4o, mtambo wa akili bandia uliokuwa ukiendesha ChatGPT, na kabla ya wiki kuisha ikaanza kulirudisha nyuma. Kasoro ilikuwa moja: toleo hilo lilisifu kupita kiasi. Wazo bovu liliitwa la kipekee, hasira ya mtu ilichochewa badala ya kupozwa, uamuzi wa pupa ulipigiwa makofi. Kampuni yenyewe ilieleza kwamba ilitilia mkazo mno maoni ya papo hapo ya watumiaji. Agosti mwaka huohuo GPT-5 ikazinduliwa na GPT-4o ikaondolewa, na watumiaji wengi wakalalamika kana kwamba wamenyang'anywa rafiki, hata ikabidi irudishwe kwa wanaolipia. Wengi walioyaunganisha matukio haya mawili walitoka na funzo moja: watu wanapenda kusifiwa, basi anayetaka kupendwa awape wanachotaka kusikia. Walimu wa mvuto waliojaa kwenye TikTok na YouTube wanafundisha hayohayo kwa Kiswahili kila siku. Tabasamu, litaje jina lake, msifie nguo, usimpinge.

Funzo hilo ni potofu, na linawagharimu wanaolifuata. Mtu anayependeka, yule ambaye watu hufurahi akifika na humuulizia asipoonekana, ana mambo mawili kwa pamoja: anamtilia mwenzake maanani, na neno lake linaaminika. La kwanza bila la pili ni uchawa, yaani kujipendekeza. La pili bila la kwanza ni ukavu, na mtu mkavu huheshimiwa kwa mbali. Uzito wa "ndiyo" ya mtu wa watu unatokana na watu kujua kwamba angeweza kusema hapana, na kwamba siku moja aliisema.

Mwaka 1968 mwanasaikolojia Norman Anderson alichapisha orodha ya maneno 555 yanayoeleza tabia za watu. Aliwapa wanafunzi 100 wayapime kwa alama kuanzia 0 hadi 6: mtu mwenye tabia hii ungempenda kiasi gani? Unyofu ulishika nafasi ya kwanza, ukafuatiwa na uaminifu, kisha moyo wa kuwaelewa wengine. Ucheshi ulipata alama nzuri, lakini ulikaa chini ya hayo. Mkiani kabisa, nafasi ya 554 na ya 555, walikuwa mtu wa kujifanya na mwongo. Hata mkatili aliwazidi kidogo. Hao walikuwa wanafunzi wa Marekani wa zama zile, na orodha kama hiyo ikipimwa leo Tanga au Kisumu ingepangika tofauti hapa na pale. Hata hivyo ni vigumu kuwazia mtaa wowote wa kwetu ambamo mnafiki atapanda juu.

Ukunjufu nao una nguvu yake, na walimu wa mvuto hawakukosea kuutaja. Mwaka 1950 Harold Kelley alifanya jaribio katika chuo cha MIT. Wanafunzi waliletewa mwalimu mgeni, na kabla hajaingia kila mmoja alipewa karatasi yenye maelezo mafupi juu yake. Karatasi zote zilifanana isipokuwa mahali pamoja: nusu ziliandika kwamba ni mtu mkunjufu sana, nusu kwamba ni mtu mkavu kiasi. Mwalimu yuleyule, chumba kilekile, mjadala uleule wa dakika 20. Kati ya waliosoma "mkunjufu", asilimia 56 walichangia mjadala. Kati ya waliosoma "mkavu" walichangia asilimia 32. Neno moja lilitosha kubadilisha nani afungue mdomo na nani anyamaze. Kwa hiyo ukunjufu huwafanya watu wakusogelee. Ila jaribio hilo lilipima dakika 20 za mwanzo, na maisha ya mtu na majirani zake au wafanyakazi wenzake hupimwa kwa miaka.

Mkanganyiko mwingine ni wa kudhani kupendeka na umaarufu ni kitu kimoja. John Coie, Kenneth Dodge na Heidi Coppotelli mwaka 1982 waliwauliza watoto wa shule maswali mawili ya kawaida tu: nani unampenda zaidi darasani, na nani humpendi zaidi? Walipohesabu majibu hawakupata wanaopendwa na wasiopendwa peke yao. Kulikuwa na kundi la watoto wenye kura nyingi za kupendwa na nyingi za kuchukiwa kwa wakati mmoja, na kundi jingine lililotajwa mara chache mno. Mtandao wa kijamii kwa kawaida hauyaonyeshi makundi hayo, kwa sababu unahesabu zaidi waliobonyeza kupenda. Mtu mwenye wafuasi laki moja anaweza kuwa kwenye kundi la wanaopendwa na kuchukiwa kwa pamoja, na fundi asiyejulikana nje ya mtaa wake akawa na kura za kupendwa peke yake.

Hoja nzito zaidi ya wanaotetea sifa inatoka maabara. Mwaka 1997 B. J. Fogg na Clifford Nass wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwachezesha watu mchezo kwenye kompyuta, na kompyuta ikawa inawasifia. Baadhi yao waliambiwa wazi kwamba sifa hizo hazina uhusiano wowote na walivyocheza. Hata hivyo waliifurahia kompyuta hiyo sawa na walioambiwa kwamba sifa ni za kweli. Hoja hii haifai kupuuzwa. Inaonyesha kwamba sifa hufanya kazi hata kwa anayejua kwamba ni ya bure, na miaka 28 baadaye kisa cha GPT-4o kilionyesha tena nguvu ya sifa.

Lakini angalia kilichopimwa. Ni kikao kimoja, bila hasara, na mtu ambaye hutamtegemea kesho. Mambo yakirudiwa, picha inabadilika. Elliot Aronson na Darwyn Linder mwaka 1965 walipanga wanafunzi 80 wa kike wasikie mtu akiwazungumzia mara saba mfululizo. Wengine walisikia sifa mwanzo mpaka mwisho. Wengine walisikia maoni mabaya kwanza, kisha yakageuka mazuri taratibu. Aliyependwa kuliko wote ni yule aliyeanza kwa kukosoa kisha akageuka. Asiyewahi kuona kasoro hakutoa taarifa yoyote, kwani sifa zake zilikuwepo hata kabla ya kukufahamu. Hapo ndipo uchawa hushindwa. Chawa hupendwa na bosi mmoja, kwa msimu mmoja, na watu wengine wote waliopo chumbani wanamwona.

Hilo huonekana vizuri kwenye genge la mboga. Mteja amefika jioni anataka maparachichi mawili. Muuzaji anauliza kwanza, "Mama, ya kula leo au kesho?" Akijibiwa kesho, anayaminya kidogo karibu na kikonyo, anarudisha mezani yaliyolainika, anachagua mawili yaliyokaza. Mteja akigusa mchicha, anaambiwa, "Huo umelala tangu asubuhi, usichukue. Kesho saa moja utaletwa mwingine." Muuzaji huyo amepoteza mauzo ya shilingi mia tano. Alichopata ni kwamba wiki ijayo akisema nyanya ni nzuri, mteja hazigeuzi kuzikagua. Anafungua mkoba analipa. Hatua chache mbele yupo mwenzake anayemwita kila mtu "mteja wangu wa nguvu" na "mrembo wangu", huku nyanya zilizopasuka zikiwa chini ya fungu. Kwa maneno, wa pili ndiye mtamu. Miguu ya wateja inaelekea kwa wa kwanza.

Tukitazama kupendeka kunavyofanyika katika mazungumzo, sehemu kubwa iko kwenye swali la pili. Swali la kwanza kila mtu huuliza. Salamu zetu zimejaa maswali, za nyumbani, za kazi, za watoto. Mtu akijibu kwamba mtoto wake ameanza darasa la kwanza, wengi hudakia hapohapo: "Hata wangu alianza mwaka jana, shule ile ina ada kubwa," na mazungumzo yamehama. Anayependeka hubaki palepale: "Amezoea? Bado analia asubuhi?" Watafiti wa Harvard walichapisha mwaka 2017 majaribio ambamo baadhi ya watu waliagizwa waulize maswali yasiyopungua tisa ndani ya mazungumzo ya dakika 15, wengine yasizidi manne. Waliouliza zaidi walipendwa zaidi, na maswali yaliyochangia hasa ni yale yaliyofuata jibu lililotangulia. Hapa mazungumzo huharibika kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuuliza huku macho yako kwenye simu, na hapo ni afadhali usingeuliza. Ya pili ni kurundika maswali bila kutoa lako lolote, mpaka mwenzako ahisi anapelelezwa. Baada ya maswali mawili au matatu mpe nawe habari yako moja, fupi, kisha umrudishie nafasi.

Sifa nayo ina namna. "Uko vizuri sana" ni maneno ambayo angeweza kuambiwa yeyote, kwa hiyo hayambebi mtu. "Pale ulipotenganisha gharama za usafiri na za mafuta kwenye ripoti ndipo nilipoelewa pesa inapotelea" ni sifa inayoonyesha kwamba umesoma. Sifu ulichokiona mwenyewe, useme mara moja, usiibandike ombi nyuma yake. Sifa inayofuatiwa na "sasa naomba unisaidie" huonekana kuwa malipo ya awali, na mpokeaji huanza kujiuliza ni ipi kati ya sifa zako zilizopita haikuwa na bei.

Sehemu ngumu kuliko zote, hasa kwetu tuliolelewa kuona kukataa waziwazi kuwa utovu wa adabu, ni kusema hapana. Mtu anaombwa mkopo wa laki mbili ambao hana au hataki kutoa. Anajibu "nitaangalia", kisha "nipigie Ijumaa", kisha "kuna hela naisubiri", na mwisho simu haipokelewi. Kila jibu lilitolewa kwa nia ya kulinda uhusiano, na kwa pamoja yameuua. Aliyeomba amepoteza wiki mbili ambazo angezitumia kumwendea mtu mwingine, kodi imepita tarehe, na sasa ana kinyongo chenye sababu. Hapana nzuri ina sehemu nne. Inakuja mapema, ikiwezekana siku hiyohiyo. Inasemwa kwa sauti laini na maneno ya wazi. Inatoa sababu moja ya kweli, kwa kuwa sababu tatu husikika kama za kutunga. Na inaeleza unachoweza, kama kipo: "Ndugu yangu, laki mbili sitaweza, ada za watoto zimenibana. Elfu thelathini ninayo leo, nakutumia, usiirudishe." Asipokuwa nayo hata hiyo elfu thelathini, aishie kwenye sababu bila kuahidi chochote. Laini iwe sauti, maneno yaeleweke. Wengi huvichanganya hivyo viwili, wakalainisha maneno mpaka yakakosa maana.

Wenye haya wana mtego wao. Erica Boothby na wenzake walionyesha mwaka 2018 kwamba baada ya mazungumzo ya kwanza na mgeni, watu kwa kawaida hudhani wamependwa kidogo kuliko walivyopendwa kweli. Asiyelijua hilo huanza kufidia: anacheka zaidi ya kichekesho, anakubali ratiba isiyomfaa, anatuma ujumbe wa kujieleza usiku wa manane. Tatizo alilotaka kulitibu halikuwepo, na dawa yenyewe ndiyo inayomtia kasoro.

Wapo wanaosema kupendwa si lazima, heshima na kazi nzuri vinatosha. Hoja hii ina nguvu, na katika kazi fulani ni sahihi. Wendy Levinson na wenzake mwaka 1997 walirekodi madaktari 124 wa Oregon na Colorado wakihudumia wagonjwa, kisha wakalinganisha waliowahi kudaiwa fidia mara mbili au zaidi na ambao hawajawahi. Kwa madaktari wa huduma za kawaida tofauti ilikuwa wazi. Ambao hawakuwahi kudaiwa walikaa na mgonjwa wastani wa dakika 18.3, wenzao dakika 15. Walimweleza mgonjwa kitakachofuata kabla hakijafanyika, walimuuliza maoni yake, walihakikisha ameelewa, walicheka naye zaidi. Kwa madaktari wa upasuaji tofauti hiyo haikuonekana. Kwa hiyo mwenye kisu anaweza kuhukumiwa kwa kisu chake. Daktari wa zahanati, muuguzi wa mapokezi na karani wa dirishani hawana nafuu hiyo, kwani kazi yao hufanyika ndani ya mazungumzo. Tazama pia jinsi dakika tatu zile zilivyotumika. Tofauti haikuwa ya kumwita mgonjwa mpendwa; madaktari hao walikuwa wakimwambia, kwa mfano, "Kwanza nitakupima, halafu tutazungumza juu ya tatizo lako." Kila mara viongozi wa afya wanapowaagiza watumishi watumie lugha nzuri, agizo hutafsiriwa kuwa upole wa sauti, na mgonjwa anabaki kwenye benchi saa tatu bila kujua daktari yupo au hayupo. Muuguzi anayetoka na kusema, "Daktari yuko chumba cha upasuaji, atarudi saa nane, mwenye mbali aniambie nimpange wa kwanza," atapendwa hata kama hakutabasamu.

Hoja ya pili ni kwamba kupendeka hakugawiwi kwa haki, na hiyo sina namna ya kuikwepa. Madeline Heilman na wenzake walionyesha mwaka 2004 kwamba mwanamke aliyefaulu waziwazi katika kazi inayodhaniwa ya kiume hupendwa kidogo kuliko mwanamume mwenye mafanikio yaleyale. Ukali uleule unaitwa msimamo kwa huyu na kiburi kwa yule. Mgeni wa kabila, mwenye lafudhi, mwenye ulemavu, hao nao huanza nyuma kabla hawajasema neno. Anayemshauri mwanamke "upendeke zaidi kazini" bila kulitaja hili anamtwika mzigo wa makosa ya wengine.

Dhaifu kabisa ni hoja ya tatu, ambayo ndiyo inayosikika zaidi: kwamba mtu huzaliwa nayo, ama unayo haiba ama huna. Ni kweli uchangamfu kwa sehemu hurithiwa. Lakini kutimiza ahadi, kusikiliza jibu, na kukataa mapema havimo kwenye damu. Mwalimu wa Kelley hakubadilika haiba kati ya karatasi moja na nyingine. Na Richard Moreland na Scott Beach mwaka 1992 walifanya jambo jepesi zaidi: wanawake wanne wanaofanana kwa mwonekano waliingia darasa la chuo mara 0, 5, 10 na 15, wakakaa bila kuzungumza na yeyote. Mwisho wa muhula wanafunzi walipoonyeshwa picha zao, aliyehudhuria zaidi ndiye aliyependwa zaidi. Hakuonyesha kipaji chochote, alikuwepo. Wazee wetu wanaohesabu nani alifika msibani na nani alituma "poleni sana" kwenye kundi la WhatsApp wanapima kitu halisi.

Yakikubalika haya, mambo kadhaa hayana budi kubadilika. Watengeneza mitambo ya mazungumzo wanapouliza "jibu hili limekufurahisha?" sekunde tano baada ya jibu, wanapima kile kikao kimoja cha Fogg na Nass. Kama wangeuliza mwezi mmoja baadaye kama ushauri ulifaa, wangepata mtambo mwingine kabisa. Kiongozi aliyezungukwa na machawa naye ana kipimo rahisi. Akumbuke mara ya mwisho mtu wa chini yake alipompinga mbele ya kikao, na ajiulize mtu huyo yuko wapi sasa. Akiwa amehamishwa, waliobaki wameshajifunza, na sifa anazopokea hazimwambii tena kitu chochote kuhusu kazi yake.

Kwenye usaili wa kazi ndipo kosa hili linapoumiza watu wengi zaidi kimyakimya. Jopo hukutana na mtu kwa dakika 30, yaani linaona ukunjufu wake tu, kisha linaandika "anafaa kufanya kazi na timu". Unyofu hauonekani kwa dakika 30; huulizwa kwa waliofanya naye kazi, kwa swali la tukio: aliwahi kuwaletea habari mbaya mapema, na alifanyaje? Waombaji wote waulizwe maswali yaleyale, na kila mjumbe aandike alama ya kila jibu kabla ya mtu yeyote kusema amempenda nani. Maneno ya korido, "huyo nimesikia ana maringo", yasiingie chumbani, kwa sababu neno moja kwenye karatasi ya Kelley lilikaribia kupunguza wachangiaji kwa nusu. Na mwanamke akiandikiwa "mkali" kwenye safu ya maoni, mwenyekiti aulize ni jibu gani hasa lililoandikiwa hivyo, kisha afungue fomu ya mwanamume aliyejibu vilevile, aone yeye ameandikiwa nini.